Samaki Mwenye Shughuli Zake

Boti ya Buhohela ni mitumbwi miwili iliyooana,
mbao kumi na nne katikati zikiwa shahidi.
Zamani ilikuwa lipua-lipua, ilibeba karabai
ikiwadanganya dagaa kwamba kumekucha.
Siku hizi inabeba wageni, mchana kutwa,
elfu hamsini kwa kichwa, chakula ndani ya bei.
Chakula ni mimi.
Mpishi wake, Nyamwiza, alijifungua Jumatano.

Tuliondoka Kibirizi saa moja, sufuria mapajani,
mkaa kwenye debe, na migebuka sita
niliowanunua alfajiri nikiwabonyeza macho,
mazoea hayana likizo.
Mgeni mmoja, mwalimu wa Dodoma, akauliza,
"Visiwa viko wapi?"
Buhohela alicheka mpaka injini ikapoteza njia.
"Upande wetu hatukujaliwa visiwa, mwalimu.
Tutaruka mwamba kwa mwamba.
Wewe hesabu, uviite visiwa."

Basi tukahesabu.
Cha kwanza: kinyesi cha ndege
na jina la mtu kwa rangi nyekundu.
Cha pili: fisi maji wawili wakitutazama
kama wapangaji waliosikia hodi ya mwenye nyumba.
Cha tatu, mbele ya Kalalangabo,
maji yakawa mepesi kiasi kwamba kivuli cha boti
kililala mchangani, mbali huko chini,
na sisi tumening'inia juu yake bila kamba.

Wageni wakavaa miwani, wakang'ata mirija, wakaruka.
Nikabaki na mwiko.
Niliona migongo tu, inaelea kifudifudi.
Kwetu Katonga tunaujua mlalo huo.
Huwa tunaupokea kwa shuka.

"Mama Sifuni," Buhohela akasema,
"ugali hauna miguu. Shuka."

Nilishuka na dera langu, likajaa hewa,
likanizunguka kama mwavuli wa harusi.
Mkono mmoja kwenye kamba, wa pili kwenye kamba ileile.
Mrija ulikuwa na ladha ya mpira na meno ya mwalimu.
Nikazamisha uso.

Nimeuza samaki miaka ishirini na miwili.
Nawajua kwa mashavu, kwa harufu,
kwa namna mkia unavyogoma kupinda.
Kuhe namkata vipande vitano bila kutazama,
mdomo wangu ukibishana na jirani.
Lakini sikuwahi kumwona samaki
akiwa na shughuli zake.

Walikuwa kuhe wawili, wakubwa, juu ya mchanga mtupu.
Kati yao wingu la vitoto, punje za ulezi zenye macho.
Kitoto kimoja kikatoroka.
Mama, au baba, sikuwatofautisha,
akakifuata polepole, akakirudisha,
kama unavyomrudisha mtoto asiingie barabarani
huku unaongea na mtu mwingine.
Akapita samaki mwenye nia mbaya.
Yule wa pili akamtoka kama kombeo,
akarudi, akakaa palepale alipokuwa.
Walikuwa wamekonda.
Ningewauza kwa hasara.

Nilipopanda, maji yakinitiririka, ugali umeungua,
nikamwambia Buhohela nilichokiona.
"Hao hawali," akasema, akifuta plagi kwa shati.
"Wanazaa mara moja tu. Wanalinda mpaka wanaisha."
Alisema kama mtu anayetaja bei ya petroli.

Tulikula saa nane.
Mwalimu alisifu migebuka, akaomba kichwa.
Cha nne na cha tano nilivipita nikisugua sufuria
kwa mchanga, mahali palepale pamoja,
mpaka Buhohela akaniuliza kama natafuta tundu.

Jumatatu, Kibirizi, mama mmoja mwenye mwavuli
akasimama mbele ya meza yangu.
"Wa leo huyu?"
Kidole chake kwenye jicho la kuhe.
Nikataja bei, nikaongeza elfu mbili,
sikujua ni za nini.
Akanitazama. Akalipa.
Jirani alikuwa ananisemesha, nikamwambia ngoja.
Nikamkata nikitazama.